SOMO: JIRANI AKIBAKWA AU AKIPIGWA NYUMBANI, WEWE UFANYE NINI?



Mama aliyebakwa njiani akitafuta kuni mara nyingi haji kwanza ofisini. Huja kwako wewe jirani, shemeji, mama mkwe, mzee wa kanisa au wa msikiti. Neno lako la kwanza linaweza kumpeleka zahanati au kumfungia ndani. Ndiyo maana somo hili tumekuandikia wewe.

Usimwulize alivaa nini wala kwa nini hakupiga kelele. Wengi hushindwa kutoa sauti. Mwili huganda kwa hofu. Mwambie: "Pole. Ninakuamini. Kosa si lako." Kisha nyamaza umsikilize. Asipotaka kueleza yote, mwache. Si lazima ujue yote ndipo umsaidie.

Halafu hesabu saa. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima ianzwe kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na humezwa kila siku kwa siku 28. Kadiri anavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa kabla ya siku tano kupita. Zipo pia dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B. Akiweza, asioge kwanza, na nguo alizovaa azifunge katika karatasi au kitambaa, si katika mfuko wa plastiki, ili ushahidi usioze. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Hata siku tatu zikiwa zimepita, aende; bado kuna matibabu. Wanaume na wavulana nao hubakwa, na wao huficha zaidi.

Mwulize kama anataka umsindikize. Usimtangulie kwa kiongozi wa mtaa wala kwa sungusungu bila ruhusa yake. Siri ni yake, si yako, na kambini habari hufika kwenye bomba la maji kabla mwenyewe hajafika zahanati. Kutibiwa si kushtaki: anaweza kutibiwa kwanza, ndipo aamue juu ya polisi. Akiamua kwenda, polisi watampa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya mahakama. Lakini akiwa ni mtoto, usingoje. Mpeleke zahanati na uwaarifu watu wa ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo.

Wazee wetu kutoka Burundi na Kongo wamezoea kusuluhisha. Kwa deni au ugomvi wa mpaka wa bustani, tunawashukuru. Kubaka si ugomvi. Mbuzi na pombe anavyolipwa baba havimtibu binti, na kumwoza kwa aliyembaka ni kumrudisha mikononi mwake kila usiku. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria hiyo inamlinda mkimbizi sawa na raia.

Na kipigo cha mume je? Wengi husema ni mambo ya ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hata hivyo, usimshurutishe aondoke leo, kwa maana mara nyingi hatari huongezeka siku anapoondoka. Panga naye kwanza: nani atawapokea watoto usiku, nguo na karatasi zake zifichwe wapi, atoe ishara gani ili mje. Kinachowafunga wengi ni chakula, kwa kuwa jina lake limo katika kadi ya posho ya mume. Aende ofisi ya ulinzi aeleze hali yake na kuomba kadi yake na ya watoto. Wala usiende kumgombeza mume bila mke kukubali. Mkishaondoka, atakayelipa ni yeye.

Baada ya wiki moja, mpitie tena. Mchotee maji, mshikie mtoto anapokwenda zahanati. Dawa za siku 28 huweza kumtia mtu kichefuchefu, na wengine huziacha katikati. Mkumbushe, watu wasisikie.