Ziwa Dogo Ndani ya Nyumba

Sisi tukaao Sumbawanga tuko kati ya maziwa mawili: magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa. Lakini wengi wetu humjua samaki akiwa sahanini tu. Mimi ninalo nyumbani tangi la kioo lenye majani na samaki, nami napenda kuwaeleza wasomaji jinsi ya kulianza. Neno kubwa la somo hili ni hili: majani kwanza, samaki baadaye.

Kwa nini? Uchafu wa samaki hugeuka amonia majini, nayo ni sumu kwake. Wako bakteria waigeuzao amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na wengine waigeuzao naitraiti kuwa naitreti, ambayo ni mbolea ya majani. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na jani liitwalo valisneria. Jani la jamii hiyo humea pia katika Ziwa Tanganyika.

Sasa fuateni hatua hizi:

1. Tangi. Fundi vioo aweza kuliunganisha kwa gundi ya silikoni. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua maji ya kilo 50 hivi. Basi meza iwe imara. Liwekeni karibu na dirisha lenye mwanga, lakini si penye jua kali la kutwa, kwani litaota ukoga wa kijani.

2. Mchanga. Uosheni mpaka maji yatoke safi, kisha utandazeni kimo cha sentimita tano.

3. Maji. Yakae ndani ya ndoo siku mbili, ili dawa ya bomba ipungue. Mmiminapo, wekeni sahani juu ya mchanga usitibuke.

4. Majani. Yenye mizizi yapandwe mchangani. Yasiyo na mizizi yaachwe yaelee.

5. Kungoja. Tieni chembe chache za chakula cha samaki ili bakteria wapate riziki, mkangoje majuma manne hadi sita. Hapa ndipo penye kazi, maana subira ni ngumu kuliko kubeba mchanga.

6. Samaki. Anzeni na wawili au watatu wadogo. Wapeni chakula watakachomaliza kwa dakika mbili tu. Kila juma badilisheni robo ya maji.

Je, ni samaki gani? Wale wenye rangi nzuri wa Ziwa Tanganyika wamezoea joto la nyuzi 25 hivi, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni baridi mno kwao. Bila chombo cha kupasha maji, afadhali samaki wadogo wa vijito vya uwanda wetu.

Yako maonyo mawili. La kwanza ni kichocho. Warington alitia konokono tangini wale majani yaliyooza; ninyi msimfuate, kwani baadhi ya konokono wetu hubeba vijidudu vya ugonjwa huo. Msiingie bwawani kutafuta majani. Yavuteni kwa kijiti chenye kulabu. Yaosheni, ondoeni kila konokono, myaache ndani ya ndoo ya maji siku mbili kabla ya kuyashika tena.

La pili: msimwage kamwe samaki wala majani ya tangi mtoni. Gugu maji lilipendwa kwa uzuri wa ua lake, lakini katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari za Ziwa Victoria. Vijito vya Ufipa huteremkia maziwa yote mawili, na Tanganyika ina aina nyingi za samaki wasiopatikana popote pengine duniani.

Basi, mwenye tangi ni mlinzi wa ziwa. Ajifunze kulitunza dogo, ili aliheshimu kubwa.