Paa Linapovuja kwa Kosa la Fundi

Somo: Kutoka 21:33-34, Mathayo 18:15-17

Mvua za mwezi wa nane zimetuletea shauri zito hapa upande wa Oraba. Mama mmoja mjane aliuza mkaa na mihogo mpaka akapata mabati, akamwita fundi ambaye naye anaabudu pamoja nasi. Mvua kubwa ya kwanza ikaingia ndani kana kwamba hakuna paa. Unga uliharibika, godoro likalowa, ukuta wa tofali mbichi ukaanza kumomonyoka, na kadi ya familia ikashikana kama ugali.

Asubuhi tulipanda juu. Bati lina migongo na mabonde. Maji hupita bondeni, ndiyo maana msumari hupigwa mgongoni. Huyu ndugu alipiga mabondeni. Tena alianza kuezeka kutoka juu, hivyo mwisho wa kila bati la juu ukaingia chini ya bati linalofuata.

Wengine walimwambia mama, “Wewe umeokoka, samehe tu.” Wengine walitaka fundi apelekwe polisi kama mwizi. Sisi tukafungua Kutoka 21. Waisraeli walipewa neno hili wakikaa katika mahema, kama sisi tulivyokaa chini ya maturubai: mtu akiacha shimo wazi na mnyama wa jirani akatumbukia akafa, mwenye shimo hulipa. Angalieni, haulizwi kama alikusudia. Lakini pia haitwi mwizi. Mwizi ana hukumu yake katika sura ya 22, naye hulipa zaidi ya alichochukua. Mwenye shimo hulipa hasara.

Kwa hiyo kusamehe ni jambo moja na kulipa ni jambo lingine. Kumwambia mjane asamehe halafu alale penye maji, huo ni uvivu wetu sisi wazee, tunaoogopa kusimama katikati ya watu wawili.

Fundi naye alikuwa na neno. Nusu ya ujira wake haijalipwa, na tulikuwa tumemharakisha kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Yakobo 5:4 inamhusu na yeye.

Mama alimwendea kwanza peke yake, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Akajibiwa kwamba mabati ni mabovu. Mara ya pili alikwenda na mashahidi wawili, mmoja wao fundi mwingine, wakiwa na picha za misumari zilizopigwa kwa simu kabla ya kitu kuguswa. Hapo akanyamaza, kisha akasema, “Nimekosa.” Tukaandika: ataezeka upya, ataziba matundu kwa lami, atarudisha unga, mama atamaliza ujira mvua mbili zikipita bila kuvuja. Mmoja alitia sahihi, mwingine dole gumba.

Kama angekataa, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu baraza la LC kusikiliza mambo ya madeni, mapatano na uharibifu wa mali. Kumwendea mwenyekiti wa LC1 si dhambi, ila 1 Wakorintho 6 inatutaka tujaribu kwanza nyumbani.

Paa limekwisha. Kadi bado. Mwenye kadi iliyolowa asingoje siku ya posho. Aende kuripoti mapema, na abebe vipande vyote vilivyobaki.