Kazi na Haki ya Nyumba: Somo kutoka Njoro

Sisi watu wa pwani tumelaumiwa miaka mingi kuwa ni wavivu. Lawama hiyo waliivumisha wageni waliotaka watu wa kuwalimia mashamba yao kwa ujira mdogo, na hatuna haja ya kuijibu hapa. Lakini iko lawama nyingine ambayo hatuwezi kuwatupia wageni, nayo ni kuwa wengi wetu hatujui kazi yetu yaanzia wapi na yakomea wapi. Mwenye duka hufungua mlango saa mbili, akakaa kibarazani kuzungumza hata saa nne. Na usiku, watoto wake wanapomngoja, ndipo anapolitoa daftari la hisabu. Karani asubuhi yake huimaliza kwa chai na magazeti, kisha jioni akarudi nyumbani na mafaili kwapani. Ukimwuliza mmoja wao, atakwambia kazi ni nyingi. Si nyingi. Imetapakaa tu, kama mchele uliomwagika sakafuni.

Katika somo hili twapenda kumchukua msomaji mbali kidogo na bahari, mpaka Njoro, mji ulioko kama kilomita 20 magharibi ya Nakuru, kwenye nyanda za juu zipitazo mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waijua Njoro kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Egerton. Sisi twaitaja kwa sababu ardhi yake ina mambo mawili yaliyo karibu karibu, na yote mawili yahusu jambo letu.

La kwanza ni ngano. Walowezi walipoanza kuilima huko mwanzo wa karne ya 20, Lord Delamere akiwa mbele yao, iliwashinda. Mimea ilishikwa na ugonjwa wa kutu, na mavuno yakapotea. Ikabidi watafutwe wataalamu wa kuchanganya mbegu mpaka ipatikane itakayostahimili. Mwaka 1927 kikafunguliwa hapo Njoro kituo cha kuzalisha mbegu, na kazi hiyo yaendelea hata leo. Hata mwaka 1998 ilipoonekana Uganda namna mpya ya kutu ya shina, ambayo baadaye iliitwa Ug99, na ikazishinda mbegu nyingi zilizokuwa zikitegemewa duniani, Njoro ndiyo iliyokuwa uwanja wa kuzijaribia mbegu. Tangu mwaka 2005 mbegu za nchi nyingi hupelekwa huko, zikapandwa misimu miwili kwa mwaka.

Na tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyofanywa, maana humo ndimo mlimo faida. Mbegu zinazojaribiwa hupandwa karibu na mistari ya ngano dhaifu, iliyowekwa makusudi ili ishikwe na ugonjwa na kuueneza. Kisha mtaalamu hupita mstari kwa mstari, akaangalia shina limeliwa na kutu kwa kadiri gani, akaandika. Baada ya siku kadhaa hurudi tena, akaandika tena. Akiikosa siku yake, siku hiyo hairudi. Ngano haimngoji mtu. Lakini pia, na hili ndilo watu wasilolifikiri, akija mara kumi kwa siku moja hataongeza kitu. Hata akilala shambani na taa mkononi, mmea hautakua upesi kwa ajili yake. Kazi yake ina kipimo. Akiifikisha kipimo ameifanya, na kilichobaki ni kwenda zake nyumbani mpaka zamu ijayo. Mbegu moja mpya huchukua miaka mingi kabla ya kumfikia mkulima, na miaka hiyo yote haikujengwa ila kwa siku kama hizo, kila moja kwa kadiri yake, na kila moja imeandikwa.

Basi jee, ni nani katika sisi aandikaye? Mwenye duka amalizaye siku yake kwa kuandika mistari mitatu, yaliyouzwa, yaliyobaki na la kwanza la kesho, hulala usingizi. Asiyeandika huchukua duka lote kichwani mwake, akaketi nalo kwenye sinia la chakula. Mwanawe humsemesha naye hasikii. Siku hizi kuna na simu ya mkononi, ambayo imeivunja hata ile pazia ndogo iliyokuwa baina ya duka na chumba cha kulala. Twasema bila ya kificho: simu inayoita kwa ajili ya biashara saa nne ya usiku, mara nyingi inaita kwa jambo lililokuwa liishe saa nne ya asubuhi.

Jambo la pili la Njoro ni jumba. Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1874, alikuwa mtu wa kazi kubwa. Alirusha ndege tangu zile siku za mwanzo za ndege, akaja Kenya akalima, na mwaka 1939 akaanzisha shule ya ukulima iliyokuwa chanzo cha chuo kikuu cha leo, akiipa ardhi ya ekari 740. Shule hiyo ilianza kwa vijana wa Kizungu peke yao. Leo wanasoma watoto wa kila kabila, na faida hiyo hatuikatai. Mwaka 1938 mtu huyo alianza kujijengea jumba la mawe lenye vyumba 52. Vita vikaukatiza ujenzi, na halikwisha ila mwaka 1954. Akakaa humo miaka minne, akafa mwaka 1958. Hakuoa wala hakuacha mtoto, na cheo chake cha ulodi kikakoma naye. Wenyeji husimulia kuwa alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Hayo ni masimulizi, nasi hatutii mkono katika siri za moyo wa mtu. Vyumba vyenyewe vipo, na wageni hulipa kiingilio wakavitazama.

Hatusemi kuwa kila mtu wa kazi mwisho wake ni huo. Twasema kuwa wako kati yetu wenye wake na watoto, na nyumba zao ni tupu kama lile jumba.

Hapa yafaa tukumbuke kisa kinachosomwa katika darasa zetu, ijapokuwa wengi hukisoma kwa ajili ya ibada tu. Salman al-Farisi alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe hajijali katika mavazi yake. Alipouliza, akaelezwa kuwa mumewe hana haja na dunia; mchana hufunga na usiku husali. Salman akamtaka ale pamoja naye, na usiku akamzuia kusimama mpaka ulipofika mwisho wake, ndipo wakasali wote wawili. Akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman. Sasa, ikiwa sala ya usiku na utukufu wake wote haikuwa udhuru wa kuinyima nyumba haki yake, daftari la duka litakuwa udhuru kwa hoja gani?

Na sheria ya nchi nayo imeweka mipaka yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili baada ya kila miezi 12. Mama aliyejifungua hupewa miezi 3, na baba wiki 2. Twajua wanaume waliozipata wiki hizo mbili wakazimaliza mikahawani, hali mke yuko kitandani na kitoto kinalia. Tena tusimsahau mwanamke anayefundisha au kuuguza mchana kutwa, kisha akarudi jioni kuianza kazi ya pili jikoni, na mume amenyosha miguu akingoja sahani. Mwenye duka yeye hana sheria ya kumpa likizo; haina budi ajiwekee mwenyewe, na atakapoiweka awaambie wateja, ili imwonee haya kuivunja.

Lakini anayetusikitisha zaidi ni ndugu yetu aliyeko kazini Nakuru au Nairobi, aliyewaacha watu wake pwani. Huyu si mvivu hata kidogo. Fedha hupeleka kila mwezi, na likizo akipata huja. Lakini siku zake zote 21 huzimaliza kwenye kiwanja, akihangaika na fundi, na mchanga, na mawe, kwa kuwa anajenga. Watoto wamjua fundi kuliko wamjuavyo baba. Nasaha yetu kwake ni ndogo. Kabla ya kuagiza simiti ya chumba cha nne, na amwulize mkewe mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi, kisha siku mbili katika hizo 21 ampeleke shule yeye mwenyewe, kwa miguu, bila ya simu.