Tangi Bovu la Boti Halizibwi, Hubadilishwa

Kila mwenye boti ya mashine ya petroli, awe Matema au Itungi, hana budi kulikagua tangi lake mara kwa mara. Tangi la bati huliwa na kutu hasa kwenye kitako, maji yanapotuama. La plastiki hupasuka kwa kuchakaa na jua.

Wengi huziba tundu kwa sabuni ya mche. Sabuni hiyo huondolewa na maji, na mafuta huanza kuvuja tena boti ikiwa mbali na ufuko. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini ya boti, usionekane, na cheche moja ya mashine au sigara yatosha kuulipua.

Harufu ya petroli ikisikika:

1. Zimeni mashine na kila moto. Rudini kwa makasia, abiria washuke.
2. Hamishieni mafuta nchi kavu, katika chombo chenye kifuniko.
3. Futeni yaliyomwagika kwa matambara, msiyatupe ziwani.
4. Acheni boti wazi ipate hewa hadi harufu iishe.
5. Msilichomelee tangi, hata likiwa tupu: mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, ulioko mbali kusini. Kinachomwagwa Kyela hakiondoki upesi, na humo ndimo tuvuamo usipa na mbasa. Gharama ya tangi jipya ni ndogo kuliko thamani ya boti na uhai wa waliomo.