Bustani Katika Gunia

Mto Tana huwapa watu wa Nanighi chakula, na mara nyingine huwanyang'anya. Katika mafuriko ya mwaka 1997, na tena mwaka 2023, maji yalifunika mashamba mengi ya kandokando ya mto. Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na mboga zake karibu na mlango, mahali palipoinuka.

Huko Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités lilianza mwaka 2008 kuwafundisha wakazi wasio na shamba kupanda mboga katika magunia. Namna yake ni hii. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vema, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Simamisha katikati ya gunia kopo lisilo na kifuniko wala kitako. Lijaze kokoto, na pande zote utie udongo. Kisha livute juu, ujaze tena, hata gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Toboa matundu ubavuni, upande sukuma wiki. Juu panda mchicha.

Debe bovu au karai kuukuu hufaa pia, likitobolewa chini ili maji yasituame. Lakini chombo kilichotiwa dawa ya wadudu kisitumiwe kamwe, hata kikioshwa, kwa maana sumu hubaki.

Mwagilia asubuhi na jioni, na kinga mimea na jua la adhuhuri. Mto ukifurika, debe huchukuliwa mpaka mahali pa juu, shamba halichukuliki.