NENO "TAMU" LILINITIA HASARA: JINSI YA KUUZA WAINI NYEUPE YA BORDEAUX

Somo la leo ni la bidhaa moja tu, ila hata kama wewe unauza viatu au mafuta ya nazi, soma hadi mwisho.

Mwaka jana dada mmoja alinitumia ujumbe WhatsApp, anataka waini ya wageni. Nilikuwa na waini nyeupe ya Bordeaux, Ufaransa. Akaniuliza, "Kaka, ni tamu?" Nikajibu haraka haraka, "Tamu sana dada, inaenda na chakula chochote." Akachukua chupa 6, kila moja sh. 38,000.

Jioni simu ikaita. Wageni wameinywa na keki, wanakunja uso, wanasema imechacha. Kumbe yeye aliposema tamu alimaanisha ina sukari. Mimi nilimaanisha ni nzuri! Nikarudisha sh. 228,000 yote, boda nikalipia mimi kwenda na kurudi, na chupa 2 zilikuwa zimeshafunguliwa. Pesa iliuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba yule dada hajaagiza tena hadi leo.

Waini ilikuwa nzima kabisa. Mwenye kosa ni mimi, sikuijua bidhaa yangu. Nikakaa chini nikajifunza haya:

1. JUA KILICHOMO NDANI
Waini nyeupe ya Bordeaux kwa kawaida ni mchanganyiko wa zabibu. Sauvignon Blanc (tamka "sovinyo bla") inaleta ukali wa limau na harufu ya majani mabichi. Sémillon ("semiyo") inaleta uzito na ulaini mdomoni. Mara nyingine wanaongeza Muscadelle kidogo, hiyo ni ya harufu ya maua. Moja ikizidi ukali, nyingine inaituliza. Ndiyo maana wanazichanganya.

2. SOMA LEBO KABLA YA KUPOSTI
Neno "sec" maana yake ni kavu, yaani haina utamu wa sukari. "Moelleux" ni yenye utamu. Ukiona Entre-Deux-Mers kwenye waini nyeupe, hiyo ni kavu. Jina lina maana ya "kati ya bahari mbili", ingawa eneo lenyewe liko kati ya mito miwili, Garonne na Dordogne. Ukiona Sauternes, hiyo ni tamu ya sukari kweli. Zote zinatoka Bordeaux, zote nyeupe, lakini wateja wake ni tofauti kabisa.

3. JUA INAENDANA NA CHAKULA GANI
Hapa ndipo mauzo yalipo. Kumbuka hivi: ile kazi ambayo limau linafanya juu ya samaki, waini kavu ya Bordeaux nayo inaifanya. Wenyewe kule wanainywa na chaza wa Arcachon, samaki, na jibini ya maziwa ya mbuzi.

Kwa mteja wetu mwambie: changu wa kuchoma, kamba wa kitunguu saumu, pweza, ngisi. Ile yenye Sémillon nyingi inabeba hata kuku wa kupaka, maana tui linataka kinywaji chenye uzito kidogo.

Usimshauri ainywe kavu na keki. Sukari ya keki inafanya waini ionekane chachu, ndicho kilichonikuta. Kwa vitu vitamu mpe Sauternes. Pilipili kali sana nayo inafunika ladha.

4. MPE MAELEKEZO YA KUTUNZA
Iwekwe kwenye friji saa mbili au tatu kabla ya kunywa. Ikishafunguliwa, irudishiwe kizibo na ikae kwenye friji, inywewe ndani ya siku mbili tatu. Na wewe muuzaji, usiiache dirishani kwenye jua ili upige picha nzuri. Joto linaiharibu.

5. BADILISHA MAELEZO YA POSTI
Zamani niliandika: "Waini kali ya Ufaransa, tamu balaa, wahi yako."
Siku hizi naandika: "Waini nyeupe KAVU ya Bordeaux, ml 750. Haina utamu wa sukari. Inafaa kwa samaki wa kuchoma, kamba na pweza. Unapenda yenye sukari? Niulize, nitakushauri nyingine."

Sentensi ya mwisho inaonekana kama inafukuza wateja. Hapana bana, inachuja. Anayebaki anajua anachonunua, na harudishi.

Angalizo: vileo vina leseni yake, na usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Mtandaoni humuoni mteja, kwa hiyo mwambie boda ahakikishe kabla ya kukabidhi mzigo.

Sasa rudi kwenye bidhaa yako. Ni neno gani unalolitumia kila siku ambalo mteja analielewa tofauti? "Original"? "Inatosha wote"? "Haichuji"? Liandike hapo chini na tulirekebishe pamoja. Mshirikishe na mwenzako anayeuza mtandaoni, usimwache apate hasara niliyoipata mimi.