Ujuzi Usiorithishwa
Mchimbaji mzoefu wa dhahabu huko Geita asipowafundisha vijana, ujuzi wake huzikwa pamoja naye. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilithibitisha jambo hilo baharini. Mwezi Aprili 1942, manowari 5 za Kijapani zichukuazo ndege zilishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Wengi wa marubani wao walikwisha kupigana Uchina. Sehemu ya manowari za Uingereza ikaondoka kwenda Kilindini, Mombasa.

Lakini Japani iliwaacha mabingwa wake vitani, wengi wakafa. Marekani iliwarudisha wengi wa wake nyumbani kufundisha. Juni 1944, katika Bahari ya Ufilipino, marubani wengi wa Kijapani walikuwa na mafunzo ya miezi michache tu. Japani ikapoteza ndege zaidi ya 300 kwa siku 2.